Koipu: Aliletwa kwa manyoya, akaacha hasara

Januari 1989 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba imemmaliza panya. Hakuwa panya wa ghalani, maana huyo hakuna serikali iliyowahi kummaliza. Alikuwa koipu, mgugunaji mkubwa wa majini aliyekaa zaidi ya miaka 50 katika mito na vinamasi vya mashariki mwa nchi hiyo akila matete, akitoboa kingo na kung'oa mazao ya wakulima. Wategaji 24 walimwandama tangu Aprili 1981. Hesabu ya waliouawa ilipofungwa, ilikuwa imefika 34,822.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari hiyo yaweza kuonekana ya mbali, lakini koipu alifika hadi kwetu. Aliletwa Kenya wakati wa ukoloni kwa biashara ile ile iliyompeleka Uingereza, akatoroka vizimbani vile vile, na hatimaye akaingia Ziwa Naivasha. Leo hayupo tena ziwani humo, na vijana wengi wa Naivasha hawajui kama aliwahi kuwapo.

Koipu ameingia katika orodha ya viumbe wageni 100 waharibifu zaidi duniani, iliyotayarishwa na wataalamu wa Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN. Ni sifa mbaya, lakini hakuitafuta mwenyewe. Hakuna bahari aliyoivuka kwa kuogelea. Kila alikofika nje ya kwao alipakiwa melini na mtu mwenye hesabu za faida mfukoni.

Kiumbe mwenyewe

Anayemjua ndezi wa mashamba ya miwa ana pa kuanzia. Koipu anafanana naye kwa umbo la mwili na kwa kupenda matete, ila yeye maisha yake yamefungamana zaidi na maji. Mwili wake una urefu wa sentimita 40 hadi 60, na mkia wa mviringo, wenye vinywele haba, humwongezea sentimita 30 hadi 45. Mkubwa huwa na kilo 5 hadi 9, na wachache huzidi 10. Kwao ni kusini mwa Amerika ya Kusini: Argentina, Uruguay, Chile, Paraguay, Bolivia na kusini mwa Brazil. Mwaka 1782 Juan Ignacio Molina, padri na mtaalamu wa viumbe kutoka Chile, ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi. Wafanyabiashara wa manyoya humwita nutria.

Ukimtazama usoni, kitu cha kwanza kuonekana ni meno ya mbele. Ni marefu, na rangi yake ni ya chungwa lililoiva, kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo katika ganda gumu la nje. Midomo yake ina uwezo wa kufumba nyuma ya meno hayo, hivyo anaweza kukata mzizi chini ya maji bila kumeza maji. Miguu ya nyuma ina vidole vitano, vinne vikiwa vimeunganishwa kwa utando na kimoja kikiwa huru. Akizama, hukaa chini dakika kadhaa, na wakati mwingine zaidi ya kumi.

Ajabu kubwa zaidi ni chuchu za jike. Haziko tumboni. Zimepangwa ubavuni, juu, karibu na mgongo, hata watoto waweza kunyonya mama akiwa anaelea. Mimba huchukua siku 130 hivi, muda mrefu kwa mgugunaji, lakini matokeo yake ni watoto waliokwisha kukamilika. Huzaliwa na manyoya, macho yamefumbuka, na baada ya muda mfupi wanaogelea. Kwa kawaida ni watano au sita kwa uzao mmoja, ingawa wamewahi kuhesabiwa hadi 13. Na mama hapumziki. Siku moja au mbili baada ya kujifungua huwa tayari kupandwa tena.

Mtafiti Mwingereza Morris Gosling, aliyeongoza maabara ya serikali ya kuchunguza koipu, alionyesha jambo jingine mwaka 1986. Jike mwenye afya nzuri anayebeba mimba ya watoto wachache, tena wengi wao majike, huweza kuitoa yote kabla haijafika mwisho, kisha akapata nyingine. Mimba yenye watoto wengi au madume mengi huibakiza. Mnyama wa namna hiyo, ukiua nusu ya kundi lake, nusu iliyobaki hurudisha idadi haraka.

Chakula chake ni mimea. Kwa siku hula kiasi kinachokaribia robo ya uzito wake, na humaliza sehemu kubwa ya ulaji huo jioni na usiku. Anachokipenda ni shina changa la chini na mzizi mnene unaotambaa kwenye matope. Hukata tete, hukaa juu ya jukwaa la majani alilolikandamiza mwenyewe, hushika kipande kwa mikono miwili, hula sehemu laini na kuliacha lililobaki likielea. Kwa hiyo anachoharibu ni kingi kuliko anachomeza. Nyumba yake ni shimo refu ukingoni, lenye mlango karibu na usawa wa maji. Kwao Argentina tabia zote hizo hazikumsumbua mtu. Kulikuwa na ukame, wanyama wawindaji, na nafasi ya kutosha.

Kofia kwanza, koti baadaye

Koipu ana manyoya ya tabaka mbili. La nje ni refu na gumu, linalomwaga maji. La ndani ni fupi, laini na zito, nalo ndilo lililomponza. Kwa karne kadhaa mafundi kofia wa Ulaya walikuwa wakitumia manyoya ya biva, mgugunaji mwingine wa majini wa nchi za kaskazini, kutengeneza kitambaa kilichoshindiliwa cha kofia za mabwana. Biva alipowindwa hadi kuadimika, mafundi wakatafuta mbadala, na mbadala ukapatikana kwenye mito ya Argentina. Katika karne ya 19 ngozi za koipu zilisafirishwa kwa wingi kutoka bandari ya Buenos Aires kwenda Ulaya.

Uwindaji huo ulizua moja ya habari za kwanza kuandikwa kuhusu mnyama huyu na siasa. W. H. Hudson, mwandishi wa mambo ya viumbe aliyezaliwa Argentina mwaka 1841, anasimulia katika kitabu chake The Naturalist in La Plata cha mwaka 1892 kwamba mtawala wa Buenos Aires, Juan Manuel de Rosas, alipiga marufuku kuwinda koipu. Wakaongezeka kupita kiasi. Kwa mujibu wa Hudson, waliacha hata mazoea yao ya majini, wakawa wanatembea nchi kavu makundi kwa makundi wakitafuta chakula. Kisha ugonjwa ukawaingia na kuwafyeka karibu wote. Miaka mia moja kabla ya Waingereza kuunda kikosi cha wategaji, tayari ilikuwa imeonekana kwamba idadi ya koipu hupanda na kushuka kwa kufuata amri na soko la binadamu.

Mwisho wa karne hiyo watu walianza kuwaza kumfuga. Wafaransa walijaribu katika miaka ya 1880. Ufugaji hasa ulishamiri Argentina katika miaka ya 1920, ukaenea Ulaya, Urusi ya Kisovieti na Amerika ya Kaskazini. Sasa kofia haikuwa tena lengo. Soko lilikuwa la makoti ya wanawake. Mchuna ngozi wa koipu humpasua mgongoni badala ya tumboni, kwa kuwa manyoya ya thamani zaidi ni yale ya tumboni na hayafai kukatwa katikati. Kisha nywele ndefu za nje hunyofolewa, libaki tabaka laini la ndani tu, likichanwa na kulainishwa.

Hata majeshi yaliingia. Mwaka 1939 Japani iliagiza koipu ili kuwafuga kwa ajili ya mavazi ya baridi ya askari. Vita vilipokwisha na askari hawapo, wanyama waliachiwa, na vizazi vyao bado vinaishi magharibi mwa nchi hiyo.

Norfolk: ugeni wa miaka sitini

Koipu wa kwanza walitua Uingereza mwaka 1929. Katika miaka kumi iliyofuata mashamba yapatayo 50 yalifunguliwa, mengi kusini na mashariki mwa nchi. Uzio mwingi ulikuwa dhaifu. Mnyama anayechimba, anayeogelea na mwenye meno ya kukata mti hakuhitaji mwaliko wa pili. Matukio ya kutoroka yaliandikwa tangu mwaka 1932, na mwaka 1937 wengine walitoka katika shamba karibu na mji wa Norwich, mkoani Norfolk. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, soko lilikufa na mashamba yakafungwa. Waliokwisha kutoka walibaki nje.

Norfolk kwao ilikuwa kama peponi. Mkoa huo una mtandao wa mito ya mwendo wa pole na mabwawa ya kina kifupi uitwao Broads, uliozungukwa na matete pande zote. Mwanzoni walikuwapo watu waliofurahia, kwa kuwa koipu alikuwa akisafisha mifereji iliyozibwa na magugu. Furaha hiyo haikudumu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 makadirio yalitaja koipu wapatao 200,000. Kingo za matete zilirudi nyuma, maji yakabaki wazi palipokuwa na kijani. Wakulima wa viazisukari walikuta mashamba yamechimbwa. Wahandisi nao walikuwa na hofu yao, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ya huko iko chini na inalindwa na matuta, na tuta lililotobolewa mashimo haliwezi kuaminiwa mvua kubwa ikija.

Mwaka 1962 serikali ilipiga marufuku kufuga koipu bila leseni na kuanzisha kampeni ya kutega. Msaada mkubwa, hata hivyo, ulitoka mbinguni. Majira ya baridi ya 1962 na 1963 yalikuwa makali kuliko kawaida, mito ikaganda kwa wiki nyingi. Koipu hajaumbiwa baridi ya namna hiyo. Mkia wake hauna manyoya ya kuukinga; huganda, huoza na kukatika. Inakadiriwa asilimia 80 hadi 90 walikufa. Kampeni iliendelea hadi 1965, kisha wakubwa wakaona kazi imetosha, wategaji wakapunguzwa. Miaka ya baridi hafifu ikafuata, na katikati ya miaka ya 1970 koipu walikuwa wamerudi kufikia 19,000 hivi.

Kulipwa kwa kujifuta kazi

Safari ya pili Waingereza walikwenda kwa hesabu. Maabara ya koipu mjini Norwich, chini ya Gosling, ilikuwa imekusanya takwimu za miaka mingi: jike anazaa mara ngapi, baridi inaua wangapi, mtegaji mmoja anakamata wangapi kwa mwezi. Kutokana na takwimu hizo watafiti walipiga hesabu ya wategaji wangapi wanahitajika ili idadi ishuke hadi sifuri badala ya kushuka tu na kupanda tena. Jibu lilikuwa watu 24, kwa muda usiozidi miaka kumi.

Palibaki swali moja ambalo takwimu za mnyama haziwezi kulijibu. Mtegaji anayelipwa mshahara kwa kukamata koipu ana sababu gani ya kumkamata wa mwisho? Siku koipu akiisha, ajira nayo imekwisha. Wakubwa wa wizara hawakujifanya hawalioni. Waliweka kiinua mgongo cha hadi mara tatu ya mshahara wa mwaka, kitakacholipwa wategaji wakithibitisha kwamba koipu wametokomea, na kinachopungua kadiri kazi inavyochelewa. Kwa lugha nyepesi, watu wale waliahidiwa fedha nono kwa kujifuta kazi wenyewe, na mapema.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Mtegaji alibeba vizimba vya waya, akavitega kwenye njia za koipu na kwenye vyelezo vidogo vilivyofungwa majini, chambo kikiwa karoti. Chelezo kilikuwa na faida mbili. Koipu anayeogelea hupenda kupanda juu ya kitu kinachoelea ili ale, na ndege na wanyama wengine wa nchi kavu hawakunaswa sana huko kama walivyonaswa ukingoni. Kila kizimba kilikaguliwa kila siku. Aliyenaswa asiyehusika aliachiwa akiwa hai. Koipu alipigwa risasi. Mizoga ilipelekwa maabara, ikapimwa umri na kupasuliwa kuona hali ya uzazi, na matokeo yakarudi kurekebisha hesabu za awali.

Baada ya miaka michache vizimba vilianza kurudi vitupu. Hapo ndipo mikoa mingi huona fedha inapotea na kusitisha mradi. Norfolk waliendelea kutembea mito ile ile, wakitafuta kinyesi, nyayo na vipande vya matete vilivyokatwa. Miezi 21 ilipopita bila dalili ya kundi linalozaa, serikali ikatangaza ushindi na wategaji wakalipwa chao. Kampeni nzima iligharimu pauni milioni 2.5 hivi. Mpaka leo inatajwa kama mfano wa kwanza wa nchi kumwondoa koipu aliyeota mizizi katika eneo kubwa.

Louisiana: fedha kwa mkia

Ng'ambo ya Atlantiki mambo yalikwenda vingine. Katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wamezoea kumlaumu mtu mmoja, E. A. McIlhenny, wa familia inayotengeneza pilipili ya chupa ya Tabasco. Hadithi inasema alileta koipu kisiwani kwake Avery, kimbunga cha mwaka 1940 kikabomoa vizimba, wakatoka. Nyaraka zinasema vingine. McIlhenny alinunua koipu wake mwaka 1938 kwa mfugaji mwingine wa humo humo Louisiana, kwa hiyo hakuwa wa kwanza. Na waliotoka kwake hawakutolewa na kimbunga. Mwaka 1945 aliwaachia mwenyewe, kwa kukusudia, akitaka waongezeke porini wawindwe.

Wakaongezeka kweli. Katika miaka ya 1950 walihesabiwa kwa mamilioni, wakila mpunga na miwa ya wakulima. Ila wakati ule manyoya yalikuwa na bei, na bei ilifanya kazi ya mtegaji wa serikali bila serikali kutoa senti. Msimu wa 1976 wawindaji wa Louisiana waliuza ngozi zipatazo milioni 1.8, zenye thamani ya dola milioni 15.7. Uharibifu ulikuwapo, lakini mnyama alikuwa anavunwa.

Miaka ya 1980 soko la manyoya liliporomoka. Mwindaji hakuona sababu ya kuteketeza mafuta ya mashua kwa ngozi isiyorudisha gharama. Vinamasi vya pwani ya Louisiana vinashikiliwa na mizizi ya mimea. Koipu akila mzizi, tope halina kinacholishika. Mawimbi yanalizoa, panabaki dimbwi, na dimbwi linakuwa sehemu ya bahari. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 maeneo makubwa ya pwani yalikuwa yameharibiwa hivyo. Jimbo lilijaribu kuwashawishi watu wamle, likawatumia wapishi mashuhuri kumpika kwa mchuzi na viungo. Nyama yake haina mafuta mengi na walioionja wengi waliisifu, ila wanunuzi hawakujitokeza.

Mwaka 2002 ulianza mpango wa kulipa dola 4 kwa kila mkia wa koipu utakaopelekwa kituoni. Malipo yakapanda hadi dola 5 mwaka 2006, na dola 6 mwaka 2019. Lengo ni kukusanya hadi mikia 400,000 kwa mwaka. Mpango umefanikiwa kupunguza sana eneo linaloharibiwa, na kwa pwani pana kama ile pengine hakuna njia nyingine. Lakini ukiulinganisha na wa Norfolk utaona tofauti. Anayelipwa kwa mkia hulipwa vizuri pale koipu walipo wengi. Wakipungua, mkia mmoja humgharimu siku nzima, naye huhamia kwingine. Malipo ya namna hiyo hupunguza, hayamalizi, na serikali italipa mwaka hadi mwaka.

Huko huko Marekani, katika Ghuba ya Chesapeake, walichagua njia ya Norfolk. Koipu waliletwa Maryland katika miaka ya 1940 kwa ajili ya manyoya. Mwaka 2002 kikosi cha watu wa mshahara kilianza kuwaondoa, kikitumia mitego, mbwa waliofundishwa kunusa kinyesi na koipu waliofungwa vifaa vya redio ili waongoze njia kwa wenzao. Waliondolewa 14,000 hivi, na Septemba 2022 ikatangazwa kwamba eneo lote hilo limesafishwa. Nayo ilichukua miaka 20.

Naivasha: orodha ya wageni

Turudi kwetu. Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa, mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari, na ni moja ya maziwa machache ya bonde hilo yenye maji baridi yasiyo na chumvi. Baridi ya nyanda za juu za Kenya ilionekana inafaa mnyama wa manyoya, na karibu mwaka 1950 koipu waliletwa kufugwa nchini. Kilichofuata msomaji anaweza kukikisia. Walitoroka, na katikati ya miaka ya 1960 walikuwa wamefika ziwani.

Huko walikuta mafunjo, matope laini, na eneo kubwa la yungiyungi za buluu zilizoelea kwenye maji ya kina kifupi, zikiwapa kivuli samaki wachanga na kuwapa ndege mahali pa kukanyaga. Mzizi mnene wa yungiyungi uliozama matopeni ni chakula hasa cha koipu. Katika miaka ya 1970 yungiyungi zilianza kutoweka, na kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya ziwa haikuwa nazo tena.

Wanasayansi waliochunguza ziwa hilo hawamtwiki koipu lawama zote, na wana haki. Naivasha ilikuwa imejaa wageni. Samaki aina ya besi aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 ili wavuvi wa burudani wapate mchezo. Tilapia wakafuata. Katika miaka ya 1960 gugu liitwalo salvinia, asili yake Amerika ya Kusini, lilianza kutanda juu ya maji. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, asili yao Louisiana, kwa ajili ya biashara ya chakula. Kamba hao nao ni walaji wakubwa wa mimea ya majini. Miaka waliyokuwa wengi, mimea iliyozama ilitoweka, na walipopungua ikaonekana tena. Kwa hiyo yungiyungi zilishambuliwa mzizini na koipu, zikashambuliwa na kamba, zikafunikwa na gugu, huku usawa wa maji ukipanda na kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugumaji nalo likawasili.

Koipu mwenyewe hakudumu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hakuonekana tena. Yungiyungi hazikurudi kama zilivyokuwa.

Hesabu isiyoandikwa

Ukizipanga historia hizi pamoja, Buenos Aires, Norwich, Louisiana, Maryland na Naivasha, utaona jambo moja linajirudia. Faida ya koipu ilikuwa ya mtu, na hasara yake ikawa ya watu. Mwenye shamba aliuza ngozi wakati bei iko juu. Bei ilipoanguka alifunga lango akaenda zake, na mara nyingine hata lango hakulifunga. Gharama ya kumwondoa mnyama ilikwenda kwa mlipa kodi, kwa mkulima wa viazisukari, na kwa mvuvi ambaye hajawahi kuvaa koti la manyoya maishani mwake.

Jambo la pili ni kwamba kumwondoa inawezekana. Norfolk na Chesapeake zimethibitisha. Sharti lake ni kuendelea kulipa kipindi kile ambacho wanyama wamebaki wachache na mradi unaonekana umekwisha, maana hapo ndipo Waingereza walipokosea mwaka 1965. Umoja wa Ulaya, ambao mito yake mingi kuanzia Italia hadi Ujerumani bado ina koipu, ulimweka mwaka 2016 katika orodha ya viumbe ambao ni marufuku kuingizwa, kufugwa na kuuzwa. Kwa nchi nyingi marufuku hiyo imekuja wakati mgeni ameshajenga.

Sisi tuna maziwa ya kulinda: Victoria, Tanganyika, Nyasa, Naivasha yenyewe. Kila mwaka hutokea mtu mwenye mradi mzuri wa kuleta samaki anayekua haraka, mmea unaofyonza uchafu au mnyama mwenye ngozi ya bei. Anayesaini kibali chake amuulize swali moja kabla ya kuweka muhuri: soko likifa, nani atalipa kumrudisha? Na jibu liwe fedha taslimu iliyowekwa benki kabla mnyama hajashushwa melini. Asiye na fedha hiyo asipewe kibali.